Ndeke inachelewa juu ya nini? Mustari mufupi wenye piloti anasoma mbele ya kuruka

Kila mara ku Luano mutasikia ile neno: "Ndeke imechelewa, ni meteo." Batu banaguna. Mwenye anaenda Kinshasa ku kilio anaangalia saa, mama mwenye mutoto ku mugongo anatafuta nafasi ya kukaa, na kijana wa karieri mwenye alipata siku tatu tu za konje anaona moja inakwisha bule. Inje, jua iko inawaka. Sasa mutu anauliza: meteo gani hii? Mvula yenyewe iko wapi?

Ile swali ni ya haki. Na jibu yake inakaaka mu mustari moja ya herufi na namba, mufupi kuliko ujumbe wa simu. Bapiloti ba dunia nzima banaisoma namna moja, ikuwe ku Lubumbashi, ikuwe ku Bruxelles. Tuliona vizuri tuifungue hapa mbele ya wasomaji wetu, kwa sababu ndeke haiko tena kitu cha bakubwa peke yao. Fundi wa mashini anaitwa formation ku Kinshasa, mugonjwa anapelekwa hospitali ya mbali, muchimbaji anafuata kazi mupaka Manono. Bote banakaa mu kiti na banafunga mukaba bila kujua nani aliangalia mbingu kwa ajili yao.

Ile mustari jina yake METAR. Mu biwanja bikubwa inatoka kila saa, ao kila nusu saa. Mutu wa meteo anatoka inje, anaangalia mawingu, anasoma bipimo vyake, kisha anaandika. Tutunge moja hapa, ya kufundisha tu, sawa vile ingeweza kutoka Luano siku ya mvula:

FZQA 151300Z 12008KT 5000 TSRA FEW025CB SCT030 22/19 Q1018

Musiogope. Mwenye anaweza kusoma bulletin ya mushahara, na yote yenye banakata mule, anaweza kusoma hii pia.

FZQA ni jina ya Luano. Herufi FZ ni ya inchi yetu: N'djili ni FZAA, Goma FZNA, Kavumu ya Bukavu FZMA, Kolwezi FZQM. Kisha 151300Z: tarehe 15, saa 13. Lakini hapa mutu anaweza kupotea, juu ile saa haiko ya Lubumbashi, wala ya Kinshasa. Ni saa moja ya dunia nzima, yenye bapiloti bote banafuata. Sisi huku mashariki tuko mbele yake kwa saa mbili, Kinshasa kwa saa moja. Kwa hiyo 13 ya ile mustari ni saa tisa ya muchana kwetu, na saa nane kwa bandugu ba Kinshasa. Mu inchi yenye saa mbili sawa yetu, ile akili ya kuchagua saa moja inaokoa magomvi mingi.

12008KT ni mupepo. Namba tatu za kwanza zinasema unatoka wapi, kwa degre za busola: 120, ndiyo kusema mashariki na kidogo kusini. 08 ni mbio yake kwa nœud. Nœud moja ni kilometre 1,852 kwa saa, kwa hiyo mupepo wetu unaenda karibu kilometre 15 kwa saa, mupole tu. Angalia vizuri: meteo inasema mupepo unatoka wapi, haiseme unaenda wapi. Ndeke inapenda kushuka na kupanda ikiangaliana na mupepo uso kwa uso, juu mupepo wa mbele unabeba mabawa, na ndeke inagusa chini na mbio kidogo. Mupepo ukitoka nyuma, unaisukuma, na pisti inaanza kuwa fupi.

Pisti yenyewe pia iko na jina ya busola. Ya Luano inaitwa 07 upande moja na 25 upande mwingine: tia zero nyuma, unapata degre 70 na degre 250. Na mupepo wa 120, piloti atashukia 07, mupepo ukimupiga mbele kidogo na ku ubavu wa kuume. Kama mupepo ungetoka 250, angezunguuka mupaka upande wa pili. Njo maana siku ingine ndeke inapita juu ya muji, inaenda mbali, inarudia, na batu ba mule ndani banaanza kusali. Mara mingi haiko hatari. Anatafuta tu mulango wenye mupepo unamuruhusu.

5000 ni metre zenye jicho inaweza kuona mbele. Ikiandikwa 9999, ni kilometre 10 na zaidi. TSRA ni radi pamoja na mvula. Ingekuwa RA peke yake, ni mvula ya kawaida. FG ni ukungu. FU ni moshi. Na moshi, wasomaji wa Katanga tunaijua. Mu mwezi ya nane na ya tisa, wakati pori inawaka na batu ba makala bako mu kazi, kuko siku jua inapanda nyekundu sawa chungwa na mulima wa mbali haionekane. Kwa macho ya mutu mwenye kusimama ku Luano, mbingu haina mawingu. Kwa piloti mwenye anatafuta pisti akiwa juu, iko sawa kuangalia kupitia kitambaa. Njo ile siku munasema "meteo gani" na jua iko inawaka.

FEW025CB na SCT030 ni mawingu. Mutu wa meteo anakata mbingu mafungu munane kwa akili yake. FEW ni fungu moja ao mbili yenye kufunikwa, SCT ni tatu ao ine, BKN ni kutoka tano mupaka saba, OVC ni yote munane, mbingu imefungwa sawa sufuria na kifuniko. 025 ni urefu: futi 2.500 juu ya kiwanja, karibu metre 760. Na zile herufi mbili CB, piloti anaziogopa kuliko yote. CB njo lile wingu kubwa jeusi lenye kichwa sawa nyundo ya muhunzi, lenye linazaa radi, mvula ya mawe na mupepo ya kishenzi. Muchimbaji wa karieri ya wazi analijua bila kusoma: shefu akiliona linakuja, anasimamisha kazi ya baruti na anatosha batu mu shimo. Piloti anafanya vilevile, ila yeye shimo yake iko juu.

22/19 ni joto ya hewa, na joto yenye maji ya hewa inaanza kugeuka umande. Hizi namba mbili zikikaribiana sana, ukungu uko mulangoni. Q1018 ni uzito wa hewa, na hapa tunaomba mutusikilize. Kipimo cha urefu mu ndeke kinapima uzito wa hewa. Piloti anakiwekea ile namba kwa mukono, kisha kinamwambia yuko juu ya bahari metre ngapi. Kila kipande kimoja cha ile namba ni karibu metre 8 ao 9. Akipewa namba yenye kupita ile ya kweli kwa vipande 10, yuko karibu metre 80 ao 90 chini ya pale anafikiri yuko. Ni sawa topografe wa mini mwenye alikosea pointi zero: hesabu zote za nyuma ni safi, na zote ni mbaya. Njo maana ku redio piloti anarudilia ile namba kwa sauti, na mutu wa mnara ya kontroli anamusikiliza kama amerudilia vizuri.

Mustari imekwisha. Namba za ile joto, lakini, zinatumika kazi ya pili, yenye inagusa mufuko yenu.

Luano iko karibu metre 1.300 juu ya bahari, Kolwezi inapita metre 1.500. Kule juu hewa ni nyepesi, na joto inaipunguza tena. Ndeke inakula hewa: mabawa inaegemea hewa, moteri inapumua hewa. Siku ya mwezi ya kumi yenye degre 30, ndeke ya Luano inajisikia sawa vile ingekuwa ku kiwanja cha metre 2.100. Inahitaji pisti murefu kwa kuruka, na inapanda polepole sawa benne yenye kujaa madini mu mupando wa karieri. Sasa kampuni inafanya nini? Inapunguza uzito. Njo mutasikia mizigo ingine itakuja kesho, na muvungu wa samaki ao gunia ya unga inabakia. Tunajua namna ile inauma, zaidi kama hakuna mutu anafasiria. Lakini asubuyi mapema, baridi ingali, ndeke ileile ingebeba zaidi. Kama muko na mizigo ya maana na kuko ndeke mbili kwa siku, chagueni ya asubuyi. Na mu wakati wa mvula iko faida ya pili: yale mawingu ya CB inapendaka kukomaa nyuma ya midi.

Tutoke ku mbingu, tuje chini.

Hali ya pisti ni habari ingine, na kwa maoni yetu njo ile batu banasahau sana. Tangu tarehe 4 Novemba 2021, dunia nzima ilikubali namna moja ya kuisema: pisti inakatwa sehemu tatu, kila sehemu inapewa namba kutoka 6 mupaka 0. Sita ni kavu. Tano ni maji kidogo, mupaka milimetre 3. Maji ikisimama kupita zile milimetre 3, inaanguka mupaka mbili. Zero ni kusema freni haina kazi. Dereva wa mini hana haja tumufasirie: anajua mulango wa karieri kisha mvula, udongo mwekundu wenye kuteleza, na benne ya tani makumi yenye inaendelea kushuka hata mutu amekanyaga freni mupaka mwisho. Ndeke juu ya maji iko vilevile, ila inaingia na kilometre zaidi ya 200 kwa saa.

Na kuko barua yenye jina NOTAM. Ile haiseme mbingu. Inasema kiwanja kiko namna gani: taa za pisti hazifanye, kipande fulani kiko mu kazi, gari ya bazima-moto iko mu panne, kiwanja kimefungwa kutoka saa hii mupaka saa ile. Piloti anasoma NOTAM za kule anatoka, za kule anaenda, na za kule atakimbilia kama mambo inakataa.

Uliza Goma namna barua ya ile inaweza kuwa na uzito. Mwezi ya kwanza 2002, Nyiragongo ilitapika, na moto ya mawe ikafunika kipande cha juu cha pisti. Kilichobakia kilikuwa karibu kilometre mbili. Tarehe 15 Aprili 2008, DC-9 ya Hewa Bora ilianza kukimbia kwa kuruka, mambo ikaharibika, piloti akakata safari, pisti ikamuishia. Ndeke ikaingia mu Birere, kati ya maduka na nyumba. Wengi kati ya benye kufa hawakukuwa hata abiria: walikuwa batu ba kule, bako mu kazi yao ya kila siku. Kilometre moja ya mawe ya volkano, miaka sita mbele, ilikuwa ingali inalomba deni.

Bukavu, tarehe 12 Februari 2012, ndeke ndogo ilipita mwisho wa pisti ya Kavumu na kuanguka mu mutelemuko. Kati ya benye kufa mulikuwa Augustin Katumba Mwanke, mwenye aliongoza Katanga yetu zamani. Kolwezi, tarehe 17 Novemba 2025, ndeke yenye ilibeba waziri wa Mines, mu safari ya kuangalia musiba wa karieri ya Kalando, ilitoka mu pisti na kuungua. Bote bakatoka bazima, Mungu asifiwe. Mukubwa ao mudogo, pisti haiangalie kadi ya mutu.

Lakini musiba yenye inagusa sana ile mustari ya METAR ni mbili za mwaka moja, 2011. Tarehe 4 Aprili, ndeke ya Umoja wa Mataifa ilikuwa inatoka Kisangani, inashuka ku N'djili. Mvula ya upepo mukali ilikuwa juu ya kiwanja. Mule ndani mulikuwa batu 33, 32 wakakufa. Uchunguzi ulionyesha kidole ku ile mupepo wenye unaanguka kutoka CB sawa ndoo ya maji yenye kumwangwa chini na kusambaa pande zote. Ndeke yenye inaingia mule inapata kwanza mupepo wa mbele, inabebwa, piloti anafikiri mambo iko sawa. Nyuma ya dakika kidogo, hata sekunde, mupepo unageuka wa nyuma, na mabawa haina tena cha kuegemea. Uchunguzi uleule ulisema bapiloti walipashwa kuacha ile mbio ya kushuka, na tena kiwanja hakikukuwa na vyombo vya kufuata hali ya hewa inavyostahili. Tarehe 8 Julai, Boeing 727 ya Hewa Bora, yenye ilitoka Kinshasa, ikaanguka karibu na pisti ya Bangoka, Kisangani, mu mvula ya radi. Zaidi ya batu 70 wakakufa.

Hapa njo tunapenda kusimama kidogo. METAR ni picha. Ilipigwa saa tisa. Saa tisa na dakika makumi mbili CB inaweza kuwa imekwisha kufika, na picha ingali inaonyesha jua. Kwa ile kuko karatasi ya pili, TAF, yenye inajaribu kusema mbingu itakuwa namna gani mu saa zenye kuja, na kuko mutu mwenye macho, mwenye anapashwa kutoa habari mupya bila kungojea saa kamili kama mambo imebadilika gafula. Batu ba posti ya usiku wanajua hii vizuri. Mu mini, kapita mwenye anamaliza kazi anaandika mu kitabu: kule jiwe la juu linalia, kule maji inapanda. Kama aliandika saa ine na mwamba ukapasuka saa tano, kitabu hakiwezi kuokoa mutu. Ni kapita mwenye anarudia mbio na kusema.

Sasa ule mutu wa meteo ni nani? Huku kwetu RVA njo inachunga biwanja na mnara ya kontroli, na METTELSAT njo ya Serikali kwa mambo ya hali ya hewa. Batu wa hii kazi hawaonekane. Abiria anapigia mikono piloti kisha kushuka. Mwenye alitoka inje saa kumi ya usiku na torshi kuangalia mawingu, hakuna mwenye anamujua. Sisi tunasema wazi: inchi yenye inatosha kuivre na kobalti ya dunia nzima haiwezi kulia ukosefu wa makuta kwa kununua radar ya mvula na kulipa ule mutu mushahara yake kwa wakati. Pesa ya taxe ya kiwanja, ile Go-Pass yenye kila abiria analipa, ilianzishwa kwa kujenga biwanja. Kuuliza inaenda wapi haiko fujo.

Na abiria pia, tusemeshane. Kuko tabia ya kupandia piloti maneno: "Wengine wameruka, wewe unaogopa nini?" Kuko bakubwa benye wanapika simu kwa shefu wa kampuni ili ndeke itoke. Piloti ni mutu, ana mukubwa wake, ana nyumba ya kulisha. Kumusukuma ni sawa kusukuma kapita apeleke batu mu galeri yenye yeye mwenyewe alikataa kuingia. Swali ya kuuliza ku guichet ni hii: ni meteo ya hapa ao ya kule tunaenda? Juu mara mingi Luano iko safi na N'djili njo imefungwa. Na ya pili: ikikataa kule, tutakimbilia kiwanja gani? Ndeke inabebaka mafuta ya kufika kiwanja kingine, na kama wanangojea kuongeza mafuta, ile kuchelewa iko na maana.

Yote tumesema ni ya biwanja bikubwa. Lakini mu bijiji vya madini na ku pwani ya Tanganyika, kuko bipisti vya udongo vyenye havina METAR hata siku moja. Pale meteo ni simu. Piloti anapikia mutu wa kule mbele ya kuruka, na ule mutu, mara mingi bila kipimo hata kimoja, anasimama katikati ya pisti na anaangalia. Kama ni ndugu yenu, ao ni wewe mwenyewe, bapiloti wanalomba habari hizi: mupepo unapeleka moshi ya jiko upande gani. Mulima wenye unaonekanaka kila siku, leo unaonekana ao hapana, na uko kilometre ngapi. Mvula ya usiku iliacha maji ku mwanzo, katikati ao ku mwisho wa pisti. Tembeza mupaka mwisho, usikisie ukiwa ku kivuli. Motokari ikipita pale, magurudumu inazama ao inabakia juu. Mbuzi na bana ba masomo bako wapi ile saa. Na kama kisha kusema yote ile wingu jeusi linatokea nyuma ya mulima, pika simu mara ya pili, hata kama unite zimebakia kidogo.